Vuta, Niko Chini

Wimbo wetu ulikuwa na neno moja tu ambalo watu walilishika, na hilo lenyewe walilishika vibaya.

Neno lilikuwa "vuta". Nikilisikia hadi leo, hata kama ni mtu anamwambia mwenzake avute kiti akae, roho inanichafuka. Nataka kueleza lilikotoka, kwa sababu katika ile miaka ya tisini nilijaribu kueleza mara nyingi, na kila mara kulikuwa na mtu wa kunikatiza, au spika zimewashwa, au watu wameshaanza kucheza.

Tulikaa Shinyanga mjini, katika nyumba ya kupanga upande wa reli. Baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Pamba ilipoanza kudoda, kiwanda kikawa kinafunguliwa kwa msimu, na baba akageuka mtu wa kukaa barazani na redio yake akisubiri taarifa ya habari. Kaka yangu, aliyenitangulia kuzaliwa na ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, alikuwa amemaliza shule akitegemea kuingizwa kiwandani hapohapo. Aliona hakuna dalili. Asubuhi moja akamsalimia mama, "Mwangaluka, mayu," akanywa uji wake wote, akasema anakwenda Geita kuchimba. Mama alidhani ni utani. Begi lilikuwa limeshafungwa.

Huko Geita shimo la dhahabu waliliita duara. Halikuwa na ngazi. Mtu alifungwa kamba kiunoni, kamba imezungushwa kwenye gogo lililolazwa juu ya mdomo wa shimo, na wenzake wanalizungusha gogo polepole mpaka afike chini. Anajaza mawe kwenye mfuko, mfuko unavutwa. Akichoka, au akiona mwamba unacheza, anapaza sauti: "Vuta!" Kwa mtu wa chini hilo ndilo neno. Wale wa juu wakilisikia wanatakiwa waache kila kitu washike gogo.

Siku ile waliacha kila kitu, wakamwacha na yeye.

Ilikuwa mchana, jua la utosi. Habari ikapita kwamba ng'ambo ya kilima kuna duara limetema, yaani dhahabu inaonekana kwa macho, na kila anayewahi anajitengea sehemu. Watu walikurupuka kama nyumba inaungua. Wenzake kaka nao wakaliachia gogo wakakimbia. Yeye kule chini alisikia vishindo vya miguu, akadhani kuna ugomvi. Akaita "vuta". Akaita tena. Nguzo moja iliyokuwa imeegemezwa kuzuia ukuta wa shimo ikateleza, jiwe likamkalia mguu. Akakaa mle na jiwe lake mpaka kesho yake asubuhi, pale mama ntilie mmoja alipokuja kutafuta sahani alizowaletea wali, akasikia sauti inatoka ardhini. Yule mama alijaribu gogo peke yake, likamshinda. Alipiga yowe mpaka wapita njia wakaja.

Kaka alirudi nyumbani juu ya lori la mbao. Mguu wa kulia haukunyooka tena.

Alinisimulia yote jikoni, mama akiwa ametoka kwenda sokoni. Alisimulia huku anachambua mchele, hakuniangalia usoni hata mara moja. Alipofika mahali pa kuita, alisema neno lile kwa sauti ndogo sana, "vuta", kama mtu anayeomba chumvi mezani. Kisha akanyanyuka, akachechemea hadi uani, nikamsikia anatapika.

Baada ya wiki chache wale wenzake wakaja kumpa pole. Walileta sukari na sabuni. Walimpa baba shikamoo, wakakalishwa sebuleni, na kabla chai haijaiva kaka alikuwa anacheka nao. Mmoja wao alikuwa anaigiza jinsi walivyokimbia, ndala zinapaa, na walivyofika kule wakakuta duara lenyewe limetema uongo mtupu. Kaka alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilikuwa nimeshika birika. Nilitamani kuwamwagia.

Walipoondoka nikamuuliza, "Unachekaje na watu hawa?"

"Ni wenzangu."

"Walikuacha ufe."

"Sikufa," akasema, akawasha redio.

Hapo ndipo wimbo ulipoanzia, kwenye hasira ambazo mwenyewe alikataa kuwa nazo. Nilizibeba mimi.

Wakati huo kurapu kwa Kiswahili ndiko kulikuwa kunaingia. Vijana wa sekondari walivaa suruali zinazotosha watu wawili, wakasimama mstarini wakichana mistari kuhusu Dar es Salaam ambako hawajafika. Mimi nilikuwa msichana, na wasichana hatukutegemewa kuchana, tulitegemewa kuitikia. Lakini nilikuwa na sauti nzito, sauti ambayo kwaya ya kanisani iliikataa kwa adabu, nikiambiwa nisimame nyuma na nisifungue sana mdomo. Niligundua kwamba ukiacha kuimba ukasema kwa mapigo, ile sauti inakaa mahali pake.

Niliandika beti tatu. Wa kwanza, mtu anashuka. Wa pili, kamba inalegea. Wa tatu ndio uliosema walikwenda wapi na kwa nini. Kiitikio ndicho kilichonisumbua. Nilikuwa nimeandika "nisaidieni, nisaidieni", na nilipomsomea kaka alitikisa kichwa.

"Sikusema nisaidieni. Mtu akiwa mle hasemi nisaidieni. Nilisema vuta."

Kijana aliyenipigia gitaa nilisoma naye. Familia yao, Wahindu wa siku nyingi pale mjini, walikuwa na duka la vitambaa na sufuria karibu na soko, na yeye alizaliwa juu ya duka hilohilo. Alikijua Kisukuma kuliko mimi, kwa sababu wateja wao walikuwa wakulima wa pamba na alikua akiwapimia kaniki tangu hajaota meno ya pili. Mjomba wake wa ng'ambo alimletea gitaa la umeme, amplifaya, na kidude cha kukanyaga kwa mguu. Ukikikanyaga, sauti ya gitaa inakwaruza, inanguruma, kama karasha inayosaga mawe. Mjini hakuna aliyekuwa akipiga hivyo. Bendi za dansi tulizozijua zilikuwa na magitaa matamu yanayodondoka kama maji. Lake lilikuwa linang'ata.

Tulifanya mazoezi kwenye stoo ya duka, katikati ya marobota ya vitenge. Vitambaa vilimeza makelele kidogo, lakini si ya kutosha. Mama yake alikuwa anasimama mlangoni na sari yake ameibana kiunoni.

"Wewe, hicho chuma chako kinafukuza wateja. Mzee mmoja amekimbia ameacha na baiskeli."

"Atarudi, mama. Baiskeli ni yake."

"Na wewe binti, unamgombeza nani humo ndani? Kila siku unagomba."

Nilimpa shikamoo, nikarudi kwenye mistari yangu. Lakini alikuwa ameelewa kuliko wengi waliousikia wimbo baada yake. Nilikuwa nagomba kweli.

Kaka alikuja stoo mara moja. Alikaa juu ya robota, mguu mbovu ameunyoosha mbele. Tulipopiga, gitaa likaanza chini kabisa, halafu likapanda, halafu kile kidude kikakanyagwa, na mimi nikaita "vuta" mpaka mishipa ikanisimama. Alisikiliza hadi mwisho. Akamwambia mwenye gitaa, "Hapo unapokwaruza, ndivyo jiwe linavyoanza." Akainuka, akashukuru, akaondoka. Sikujua kama amependa. Nilijiambia amependa.

Tulikwenda Mwanza kurekodi. Studio ilikuwa chumba cha nyuma katika nyumba ya mtu, ukutani wamebandika trei za mayai. Mwenye studio alikuwa mpole, anavaa kofia hata ndani. Ngoma alizitoa kwenye kinanda chake, akaziweka nzito kama tulivyotaka. Gitaa ndilo lililomshinda. Alivua spika za masikioni, akatutazama mmoja mmoja.

"Jamani, huu ni muziki gani?"

"Rapu na roki," akajibu mwenzangu.

"Chagueni kimoja."

"Tumechagua vyote."

Walibishana karibu mchana mzima, na mwenzangu, ambaye dukani kwao alikuwa hawezi kumbishia mtu hata bei ya kijiko, aligoma kabisa. Gitaa likitoka, tunaondoka. Mwisho yule bwana akakubali. Niliimba beti zote tatu bila kukosea. Nilipotoka nje nikanunua embe la chumvi na pilipili pale barabarani nikashindwa kulila. Nilijua tumefanya kitu. Wimbo mmoja tu, hatukuwa na albamu wala mpango wa albamu, lakini niliamini utafika kwa wale watu, watausikia, na hawatakuwa na pa kuficha uso.

Redio iliupiga Jumamosi moja, alasiri, kwenye kipindi cha salamu. Tulikuwa nyumbani wote, baba barazani, mama anasuka ukili. Mtangazaji alisema, kwa sauti ile ya mtu anayetabasamu: "Sasa kutoka kwa vijana wawili wa Shinyanga, kitu cha kuamsha watu! Popote ulipo, mvute wa pembeni yako!"

Vijana wawili, kana kwamba wote ni wa kiume. Hiyo niliimeza. Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, kiitikio kikaita, gitaa likakwaruza. Nikakaa sawa kusubiri wa tatu. Haukuja. Kiitikio kilirudi, kikarudi tena, vuta, vuta, vuta, halafu mtangazaji akaingilia kwa kicheko na salamu za mtu wa Kagongwa kwa shangazi yake.

Baba akasema, "Mbona hauna mwisho?"

Nilipanda basi kwenda Mwanza. Mwenye studio hakuona tatizo.

"Dada, ubeti wa tatu ulikuwa mzito. Na wimbo ulikuwa mrefu, redio wasingeupokea. Nimewasaidia."

"Ule ubeti ndio wimbo."

"Wimbo ni kile watu wanachoondoka nacho," akasema. "Na wameondoka na vuta. Nenda kasikilize mtaani."

Nilikwenda nikasikiliza. Alikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichonikera zaidi.

Stendi, makondakta walikuwa wanauimba wanaposukumia abiria mbele: vuta, vuta, niko chini, vuta. Uwanjani, timu ikipata kona, jukwaa zima linanguruma "vuta!" na wengine wanatoa mlio wa gitaa kwa midomo, kwaa-kwaa-kwaa. Mtu aliyetoka Chato alituambia wapakia samaki kule wanauimba wakinyanyua magunia. Gari la mgombea mmoja lilizunguka mji mzima na kiitikio chetu, na baada ya kila "vuta" mwenye kipaza sauti anamalizia "kura". Kwenye harusi ya binti wa jirani, nikiwa na sahani ya pilau mapajani, MC alimsimamisha bwana harusi upande mmoja wa ukumbi na bibi harusi upande mwingine, akawapa kitenge washike ncha zake. "Yuko chini huyo! Mvute!" Bwana harusi akamvuta mkewe taratibu kwa madaha, wageni wakipiga vigelegele, gitaa la mwenzangu likisaga mawe juu ya keki.

Niliweka sahani chini, nikamfuata MC. Nikamwambia huo ni wimbo wa mtu aliyeachwa shimoni.

"Aa, basi inafaa," akasema. "Ndoa nayo ni shimo." Akacheka, akaenda zake kuita familia ya bwana harusi.

Watu waliuita "wimbo wa Mhindi", kwa sababu gitaa ndilo lililokuwa geni. Nikisema sauti ni yangu, walinitazama kama nimesema nimejenga reli. Mwandishi mmoja wa gazeti, katika safu yake ya burudani, aliusifu sana. Alisema ni wimbo wa mapenzi. Kijana fukara yuko chini, anamsihi msichana wa kitajiri amvute kwenye ngazi ya maisha. Nilimwandikia barua kurasa mbili. Haikuchapwa.

Kilichonimaliza ni kwaya. Jumapili moja, kwaya ileile iliyonikataa ilisimama, na mama yangu mzazi akiwa mstari wa mbele, wakaanza kwa upole, kwa sauti nne: "Niko chini, Bwana, nivute." Walikuwa wameondoa gitaa, wameondoa hasira, wamebakiza mtu shimoni anayeomba kutolewa. Nilikaa pale nimekunja mikono, nataka kukasirika kama nilivyokasirika kwingine kote, na siwezi kabisa, maana kati ya wote walioubeba ule wimbo, hao walau walijua kuna mtu chini. Nilipomuuliza mama nyumbani kwa nini hakuniambia, alisema, "Ningekuambia ungegomba."

Basi mwaliko wa Geita ulipokuja niliupokea kama mtu anayepewa rufaa. Mwenye ukumbi mmoja katika mji wa wachimbaji alitaka tupige Jumapili alasiri. Nikamwambia mwenzangu: kule ndiko. Kule hakuna wa kumweleza duara ni nini. Kule nitauimba wote, na ubeti wa tatu. Nikamwomba kaka aje nasi.

"Nije kufanya nini?"

"Waone mguu wako."

Kisha akaenda kupiga pasi shati.

Ukumbi ulikuwa wa mabati, mchana kweupe, mwanga unaingia kwenye matundu ya misumari. Ulijaa. Wanaume wenye vumbi jekundu kwenye nyusi, wanawake waliovaa vizuri kuliko sisi, harufu ya bia na nyama ya kuchoma. Wafanyabiashara wa dhahabu walikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Kaka alisimama pembeni, ameegemea nguzo. Mwenzangu alifunga nyaya zake, akakanyaga kidude, na ule mlio ulipotoka ukumbi mzima ulisimama.

Ubeti wa kwanza waliusikiliza. Wa pili walikuwa wameshaanza kuruka. Kiitikio kilipofika sikuhitajika tena; walikiimba wao, mabati yakatetemeka. Nikanyoosha mkono kumwambia mwenzangu ashushe sauti, nikaanza wa tatu. Mistari ile niliyoiandika jikoni, kuhusu watu walioacha gogo wakakimbilia mng'aro, nikawatamkia neno moja moja, polepole, nikiwatazama.

Kwanza walidhani spika zimeharibika. Halafu mmoja akapiga mluzi. "Vuta bwana!" akapaza sauti. "Rudisha vuta!" Wengine wakapokea. Kizibo cha bia kikanigonga begani. Niliendelea. Nilikuwa nimesafiri na ule ubeti kwa muda mrefu kuliko ningeweza kuvumilia, na niliendelea, sauti yangu ikizama kwenye kelele zao, mpaka mwenye ukumbi akaanza kunifanyia ishara ya kukata shingo.

Hapo kaka akapanda jukwaani.

Moyo wangu ulilipuka kwa furaha. Nikampa kipaza sauti. Nikawaambia watu, "Huyu ndiye. Huyu ndiye aliyekuwa chini."

Ukumbi ukanyamaza. Kaka akawasalimia kwa Kisukuma, wakaitikia. Akasema, "Mimi ndiye Vuta mwenyewe." Kicheko kidogo. Kisha akaanza kusimulia, na kwa sentensi ya pili nilijua nimekosea. Aliigiza vishindo vya miguu. Aliigiza jinsi alivyoita mara ya kwanza kibabe, mara ya pili kwa adabu, mara ya tatu kwa kutumia majina ya ukoo wa kila mmoja na kuahidi kuwaozesha dada yake. Aliigiza mama ntilie akidhani mzimu umeiba sahani zake. Watu walikuwa wanashikana mbavu. Halafu akanyoosha kidole katikati ya umati. "Na wale pale ndio walioniacha! Njooni hapa, wezi nyie!"

Wakaja. Walewale wa sukari na sabuni. Walipanda jukwaani wakiwa wamekumbatiana, mmoja akavua mkanda wake, kaka akashika ncha moja, wakamvuta jukwaa zima, yeye akichechemea kwa mapigo, ule mguu akiurusha kama ndio mtindo wenyewe. Ukumbi ulipasuka. Mwenzangu akanitazama kuniuliza afanye nini. Nikageuza uso. Akakanyaga kidude.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kreti nyuma ya ukumbi, karibu na mwanamke aliyekuwa anaosha glasi. Kutokea pale niliusikia wimbo wangu kupitia ukuta wa bati. Bila mimi ulikwenda vizuri tu.

Kaka alinikuta pale, jasho linamtiririka, shati alilolipiga pasi limelowa.

"Umenivunjia heshima," nikamwambia.

"Mimi? Ni hadithi yangu ile."

"Umeifanya kichekesho. Walikuacha, kaka. Nilitaka wajue walichofanya."

"Wanajua. Walikuwepo."

"Nilitaka walie!"

Alikaa chini, si kwenye kreti, kwenye udongo, akaushika ule mguu kwa mikono miwili kuukunja. "Mimi nimeshalia," akasema. "Nililia mle mpaka nikalamba jiwe. Sasa wewe kila siku unanishusha tena. Nikisikia ule ubeti wako narudi mle ndani, na wewe ndiye unayenirudisha. Wakicheza, niko na watu."

"Kwa hiyo nilichoandika ni uongo?"

"Si uongo. Ni kweli tupu." Akaupangusa mguu vumbi. Mwanamke wa glasi alikuwa ameacha kuosha. "Ila kuna kitu hukuniuliza. Hukuniuliza kama mimi nisingekimbia."

Nikamgeukia.

"Ningekimbia," akasema. "Nimesikia kule limetema, unadhani ningebaki nimeshika gogo? Ningewatangulia."

Ningependa kusema kwamba hasira ziliniisha pale, lakini hazikuisha. Ziliongezeka, maana sasa hazikuwa na mtu wa kumfikia. Nilikuwa nimeandika wimbo wenye watu wabaya na mtu mmoja mwema chini, na yule mwema ameniambia mwenyewe kwamba ni suala la nani alikuwa na zamu ya kushuka. Nikamwambia aondoke. Alikwenda, akarudi na soda mbili, akaniwekea moja miguuni, akaingia ndani kwa wenzake.

Baada ya hapo mambo yalikwenda yenyewe. Nyimbo nyingine zikaja, na siku moja stendi nikagundua makondakta wanaimba kitu kingine kabisa. Mwenye gitaa aliitwa na mjomba wake ng'ambo. Wazazi wake waliuza duka waondoke naye. Tuliagana pale dukani, rafu zikiwa tupu. Alitaka tufanye wimbo wa pili kabla hajaondoka. Nilimwambia sina maneno. Hakuamini, na kwa kweli maneno nilikuwa nayo, ila kila nilipoandika mstari nilianza kuwaza watakavyoukosea, nikaufuta. Alinipa mkono, akaniambia kwa Kisukuma nikae salama, na mama yake akatoka na kitambaa cha kijani kilichobaki akanifungia bila kupima.

Kaka alirudi Geita. Hakushuka tena, alifungua kibanda cha kuuza tochi na betri kwa wanaoshuka, na kwa jina lake halisi hakuna anayemjua pale. Mwaka niliokwenda kumwona, kabla sijaanza chuo cha ualimu, nilishuka kwenye gari nikauliza, nikaonyeshwa kwa kidole: "Vuta? Yule pale."

Alifurahi kuniona. Alinikalisha kivulini, akaniagizia wali na maharage. Wateja walipita, akawa ananitambulisha, "Huyu ni mdogo wangu, ndiye aliyeimba," na wao wanacheka, wanasema haiwezekani, ule wimbo aliimba mwanaume.

"Aliimba huyu," akasisitiza kaka, safari hii kwa ukali kidogo. "Muulizeni ubeti wa tatu. Nyie hamuujui."

Kijana mmoja akataka niuimbe. Kaka akanitazama haraka, nikaona mkono wake umeshuka kwenye ule mguu. Nikasema nimeusahau, nikavuta sahani yangu karibu, nikaendelea kula.